Siku Maji Yalipogeuka Meupe

Asubuhi ile Sindano alijaribu kufunga mkanda wa mtungi wake wa hewa mara tatu, na mara zote tatu vidole vilimgomea. Alikuwa peke yake ndani ya banda la vifaa, amekaa juu ya kreti, na alijua dada yake angeingia wakati wowote. Akaivuta ndoo ya maji ya moto waliyotumia kulainishia suti za mpira, akatumbukiza mikono yote miwili mpaka karibu na viwiko.

"Baridi?" Dada aliuliza kutoka mlangoni.

"Baridi tu, Dada."

Dada akamtazama kidogo, kisha akaokota kamba yake na kutoka.

Haikuwa baridi. Ilikuwa hofu, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili. Ilimwamsha kila siku ya kuzama kabla saa haijalia, ikakaa naye mezani mpaka chai ikapoa. Mashuani alipiga soga na kucheka kuliko wote, na watu wakamsifu kwamba yule binti roho yake ni ya chuma. Laiti wangejua!

Jina la Sindano alipewa kazini kwa ajili ya wembamba wake. Shamba lao lilikuwa la kome, wale wa baharini wenye makombe mawili: majukwaa kumi na mawili ya mbao yanayoelea juu ya mapipa, kila jukwaa limening'iniza kamba zaidi ya mia, na kila kamba imevaa kome weusi kutoka juu mpaka karibu na sakafu ya bahari. Mtu mwenye kifua kipana hukwama kati ya kamba hizo. Sindano alipenya. Aliangalia mafundo, akafunga upya yaliyolegea, akatoa taarifa ya kome waliokufa. Dada yake, aliyemzidi miaka tisa, alikaa mashuani na kushika mwisho wa kamba ya usalama iliyofungwa kiunoni mwa mdogo wake. Kuvuta mara moja, niko salama. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nitoe. Hiyo ndiyo lugha waliyokuwa nayo, mmoja juu na mwingine chini.

Kabla ya Sindano, mzamiaji alikuwa shemeji yake, mume wa Dada. Alizama siku moja ya bahari shwari chini ya jukwaa la saba. Kamba yake ikanasa, na aliyeishika juu alikuwa akibishana na mwenzake habari za mpira, hakuona lolote. Walipomtoa, mtungi ulikuwa mtupu. Baada ya maziko Dada alikwenda ofisini akasema kuanzia leo kamba hiyo nashika mimi. Sindano, ambaye wakati huo alikuwa akisafisha kome kwenye meza za nchi kavu, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, basi mimi nitazama. Majonzi ndiyo yaliyosema. Majonzi yakapungua, kazi ikabaki, na hofu ikahamia na vyombo vyake vyote.

Halafu vikaja viti vya pweza.

Vilikuwepo siku zote, vimoja vimoja, vile viumbe vyenye mikono kama nyota vinavyotambaa chini ya maji polepole. Vile vya pale vilikuwa na mikono saba, vingine minane. Lakini miezi ya joto ya mwaka ule viliongezeka kupita kiasi. Kiti cha pweza hukumbatia kome, huvuta makombe yake taratibu kwa subira isiyo na mwisho, na yakiachana hata kwa unywele tu, humwingizia tumbo lake mle ndani na kumla nyumbani kwake. Kamba zilianza kupanda juu zikiwa na makombe matupu.

Msimamizi wa shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Kauzibe kwa kuwa hakuna hoja iliyoweza kupita mahali alipokaa, alitoa amri: kila kiti cha pweza kinachopanda na kamba kikatwe vipande viwili na kutupwa baharini. Basi meza za kusafishia kome zikajaa mapanga. Watu walikata asubuhi mpaka adhuhuri, wiki baada ya wiki, na vipande vikarudi majini kwa ndoo.

Mwezi wa tatu wa kukatakata, akaja mtafiti mmoja, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, akapewa chumba juu ya ofisi. Alijaza chumba hicho mabeseni ya plastiki na mipira ya kupitishia maji ya bahari, na mezani akaweka mashine yake ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho. Kufikia wiki ya pili alikuwa ameshabatizwa Bi Hadubini.

Siku moja alimwita Kauzibe, Dada na Sindano waje kuona kitu. Ndani ya beseni kulikuwa na kiti cha pweza kidogo, upana wa kiganja.

"Tangu asubuhi mikono minne inakwenda dirishani, na mitatu inakwenda mlangoni," alisema Bi Hadubini. "Tazameni katikati."

Katikati ya kile kiumbe palikuwa pamevutika na kuwa pembamba, kama mpira unaokaribia kukatika. Hapakuwa na sauti wala damu. Mikono minne iling'ang'ana huku, mitatu kule, kila upande umeshika njia yake, na nyama ya katikati ikazidi kunyambuka mbele ya macho yao. Kufikia saa tisa alasiri mlikuwa na vitu viwili ndani ya beseni, kila kimoja kinatambaa na safari yake.

Sindano aliinamia beseni. "Nani amekifanya hivi?"

"Hakuna. Kimejigawa chenyewe. Miezi ya joto, vile vidogo vya maji ya juu huongezeka namna hii. Kila nusu itaota mikono iliyopungua, na baada ya miezi michache utakuwa na viwili vizima."

Kauzibe alikohoa. "Na tukivikata sisi?"

"Mradi kila kipande kimebaki na sehemu yake ya katikati, Bwana Msimamizi, mmevipunguzia tu kazi."

Dada alifunika mdomo kwa ukingo wa mtandio wake, mabega yakimtikisika. Kauzibe hakucheka hata kidogo. Kesho yake mapanga yakarudi stoo, na amri mpya ikatoka kama kwamba ile ya zamani haikuwahi kuwepo: kila kinachopanda kizikwe nchi kavu, kwenye shimo la chokaa.

Kutoka hapo Sindano akapewa kazi ya ziada. Kila mwezi alishuka na fremu ya mabomba, akailaza chini, akahesabu vilivyomo ndani yake. Alimpandishia Bi Hadubini vidogo kutoka kwenye kamba na vikubwa kutoka sakafuni, mahali penye kina cha mita kumi na mbili na mwanga wa kijani. Miezi ya joto vidogo vilipanda vikiwa vilema, mikono minne mirefu na mitatu mifupi kama vidole vya mtoto mchanga. Baridi ilipoingia, kujigawa kukapungua, kisha kukakoma. Ndipo vile vikubwa vya chini vikaanza kunenepa.

"Hivi havijigawi," Bi Hadubini alimwonyesha, akipasua mkono mmoja kwa kisu chembamba. Ndani mlikuwa na vishada vya rangi ya machungwa vimejazana kotekote. "Huyu ni jike. Haya yote ni mayai, ni mamilioni. Vya dume ni vyeupe. Vinajaza baridi nzima, vinasubiri maji yaanze kupata joto."

"Halafu vinakutana?" Sindano aliuliza.

"Havigusani hata. Kimoja kikianza kumwaga, jirani zake wanahisi harufu majini, nao wanamwaga. Mbegu na mayai hukutana hukohuko kwenye maji."

"Hata salamu hakuna!" alisema Dada, na wote watatu wakacheka, Sindano kwa sauti kubwa kuliko wenzake kama kawaida yake.

Lakini Bi Hadubini alipomaliza kucheka alivua miwani. "Watoto wao huelea wiki kadhaa, wadogo kuliko chembe ya vumbi, ndipo hutua. Vikimwaga hapa chini ya majukwaa, mwakani hamtakuwa na shamba. Inabidi vikubwa vitolewe kabla. Nimepima wiki hii. Mikono imejaa kabisa, na joto la maji limeanza kupanda."

"Vimejazana wapi zaidi?" aliuliza Kauzibe.

Sindano ndiye aliyejibu, maana ndiye aliyevihesabu. "Jukwaa la saba."

Hakuna aliyemtazama Dada.

*

Ndiyo sababu asubuhi ile vidole vilikataa kufunga mkanda. Hatimaye alijikaza kisabuni, akaufunga, akapanda mashua. Bahari ilikuwa tulivu, imelala kabisa bila wimbi, na utulivu huo ndio uliomtisha zaidi kwa kuwa siku ya shemeji nayo ilikuwa hivyo. Dada alimkagua kiunoni, akavuta fundo mara mbili. Mikono yake ilikuwa mikavu na ya moto.

"Magunia manne tu," Dada alisema. "Ukijaza manne unapanda. Akitaka la tano, Kauzibe ashuke mwenyewe."

"Hatapenya," Sindano alitania, akaweka mdomoni kipande cha kupumulia ili sauti isije ikamsaliti, akajitupa kinyumenyume.

Chini, pumzi yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa kelele ya pekee. Kamba za kome zilimpita kulia na kushoto kama nguzo za jengo lisilo na mwisho. Juu yake mbao za jukwaa zilifunga mwanga, kwa hiyo huwezi kupanda tu popote unapotaka. Lazima urudi ulikopitia mpaka ukingoni. Alikumbuka hilo alipokuwa akishuka, akajuta kulikumbuka.

Sakafu ilikuwa imefunikwa. Viti vya pweza vililala juu ya viti vya pweza, vikubwa kama sinia, mikono imepitana. Alianza kuvibandua na kuvisukumia guniani. Alivuta kamba mara moja: niko salama. Dada akajibu mara moja. Gunia la kwanza likajaa, akalifunga kwenye kamba ya mizigo iliyoteremshwa ukingoni mwa jukwaa. Likaja la pili, halafu la tatu, na kila safari alijisogeza ndani zaidi, kwa kuwa vya pembeni vilikuwa vimekwisha. Akazunguka kamba moja ya kome, akazunguka ya pili, bila kuangalia kamba yake ya usalama inapita wapi.

Alikuwa amenyoosha mkono kushika kingine, alipokiona kikisimama.

Kilijiinua taratibu juu ya ncha za mikono yake, katikati kikiwa kimebinuka juu, kama mtu anayejiinua kwa vidole vya miguu kuchungulia dirishani. Sindano hakuwahi kukiona kiti cha pweza kikisimama. Kutoka kwenye mashina ya ile mikono ukatoka uzi mweupe, ukapanda juu kama moshi wa kijiti cha udi. Kisha jirani yake akasimama. Kisha watatu nyuma yake. Akageuza kichwa, na kila alipotazama vilikuwa vikisimama, kimoja kimoja, makumi kwa makumi, na nyuzi zikipanda, nyeupe na za machungwa hafifu.

Alijua kinachotokea. Alikuwa amefundishwa kila hatua yake. Kujua hakukumsaidia chochote.

Kisha kome nao wakaanza. Huenda ni joto lilelile lililowaamsha, au harufu ileile. Kamba zote zilizomzunguka zikafuka ukungu mzito, na maji yakageuka meupe kama mtu amemimina maziwa. Aliinua mkono mbele ya uso, hakuuona. Aliigusisha geji ya kupimia hewa kwenye kioo cha miwani yake, akaona mduara wa kijivu bila mshale.

Akavuta kamba mara tatu.

Hakuna jibu.

Akavuta tena, kwa nguvu zake zote, na kamba haikusogea hata kidogo. Ilikuwa imekaza kama imefungwa kwenye ukuta. Hapo alielewa. Imenasa. Mvuto wake uliishia kwenye kamba ya kome, Dada hakusikia lolote. Shemeji naye alivuta hivihivi. Alivuta mara ngapi?

Alianza kupumua harakaharaka, pumzi fupifupi za mtu anayelia, na akajua kila moja inakula mtungi. Alitaka kupiga teke na kupanda moja kwa moja, popote pale. Akapiga teke kweli, kichwa kikagonga kome, makombe yakamkwaruza shavu, na kamba ikamrudisha chini. Kitu chenye mikono kikamgusa shingoni. Alipiga kelele ndani ya kile kipande cha mdomoni, na sauti ikatoka kama ya mnyama.

Alishika kamba kwa mikono miwili kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kushika. Alifumba macho. Huko ndani kulikuwa na giza la kawaida, analolijua, si ule weupe, na kidogo pumzi ikarefuka. Akaanza kuifuata kamba kwa mikono, mkono huu, halafu huu, bila kufumbua. Ilizunguka kamba moja ya kome. Ikazunguka ya pili, na hapo ilikuwa imezama katikati ya makombe, imebanwa kama imeshonwa. Alipapasa upande wa pili. Makombe yalichana glavu, kisha vidole. Akaipata kamba pale inapotokea tena, ikielekea juu. Upande wa Dada.

Akaishika hapo, akavuta mara tatu.

Papo hapo kamba ikajibu. Dada hakuvuta mara moja wala mara tatu, alivuta mfululizo kama kichaa. Alikuwa akihangaika nayo muda wote. Sindano aliizungusha kamba hiyo kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, akachomoa kisu kwa mkono wa kulia, akakata upande unaokwenda kiunoni mwake. Kwa nukta moja hakuwa amefungwa na kitu chochote duniani isipokuwa mkono wake mwenyewe. Kisha akavutwa.

*

Alipotokea ukingoni mwa jukwaa, mashua ilikuwa imeinama upande na Dada alikuwa na mguu mmoja nje. Alikuwa amevua viatu na mtandio. Hajawahi kuzama maishani mwake, hata kuogelea kwenyewe ni kwa kubahatisha. Alimvuta mdogo wake ndani kwa mshipi wa mtungi, akamng'oa miwani, akamtazama, akampiga kofi begani, halafu akamkumbatia na kuanza kulia kwa sauti.

"Nilijua," alisema. "Kamba ilikuwa nzito. Nilijua! Nimeishi nayo kichwani mwangu hiyo kamba nzito kila siku, mdogo wangu, kila siku."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Unauliza nini wewe? Kila ukishuka huwa nahesabu mapovu mpaka unapanda. Nahofia utasikia sauti yangu ikitetemeka, ndiyo maana huwa sisemi kitu."

Sindano alijaribu kucheka, akatapika maji ya chumvi. Mtungi, walipousoma, ulikuwa umebakiza pumzi za kama dakika sita.

Pembeni ya mashua bahari ilikuwa nyeupe kwa upana wa majukwaa matatu.

Bi Hadubini aliwapokea gatini. Alitaka kuuliza kuhusu viti vya pweza, ilionekana usoni, lakini aliona vidole vya Sindano akaenda kwanza kutafuta sanduku la dawa. Ni baada ya kumfunga bandeji ya mwisho ndipo aliposema, kwa aibu kidogo, "Ulikiona cha kwanza?"

"Nilikiona. Kilisimama."

Kauzibe alifika akiangalia saa. "Kwa hiyo tumechelewa. Magunia matatu. Mchana maji yakitulia, inabidi kurudi, vitakuwa bado vimo vingi ambavyo havijamwaga."

Siku nyingine yoyote Sindano angejibu sawa, Bosi. Alifungua kinywa, na hofu ileile ya kila asubuhi ikapanda, lakini safari hii aliiacha itoke.

"Sishuki. Naogopa."

Watu wa meza za kome waliinua vichwa.

"Wewe? Unaogopa?" Kauzibe aliuliza.

"Naogopa tangu siku ya kwanza. Shemeji yangu alifia pale, na leo nimevuta kamba kama alivyovuta yeye. Nikishuka tena, nashuka na mzamiaji wa pili ubavuni, wote na taa, na chini ya jukwaa hatuingii siku joto la maji likipanda. Bila hivyo mtafute mwingine. Na huyo mwingine nitamwambia niliyoyaona."

Kauzibe alitafuta uso mmoja wa kumuunga mkono, hakuupata. Dada alikuwa amesimama pale peku, amekamata kipande cha kamba kilichokatwa. Bi Hadubini alisema kwa ile sauti yake ndogo kwamba naye taarifa yake ataandika ilivyo, na mzamiaji kuzama peke yake kutaandikwa humo. Kauzibe akakubali shingo upande, akatafuta njia ya kuondoka inayofanana na kazi.

Mzamiaji wa pili alipatikana baada ya wiki mbili, mwanamke wa kutoka kampuni ya kusafisha meli, mwenye maneno machache. Kwa pamoja walitoa magunia thelathini na moja kabla baadhi ya vile vikubwa havijamaliza kumwaga. Hayakutosha. Bi Hadubini alimwita Sindano siku moja, akamwachia kiti chake. Kwenye kioo cha mashine, ndani ya tone la maji, kulikuwa na vitu angavu vikizunguka, vina vijimikono laini, havifanani kabisa na mama zao.

"Vingi?"

"Vingi. Ila si kama ambavyo ingekuwa."

Miezi ya joto iliporudi, vidogo vilianza tena kujichana kwenye kamba, minne huku, mitatu kule. Jukwaa la saba lilipoteza nusu ya kome wake, mengine yalipona. Sindano aliendelea kuhesabu kwa fremu yake. Hofu haikuondoka, na hakuidai iondoke. Kilichobadilika ni kwamba asubuhi za kuzama, katika banda la vifaa, Dada humuuliza, "Leo kiasi gani?" naye humwambia ukweli, na siku ambazo ni nyingi mno, hawaendi.